Miguu ya Siyovush

Jamani, simu ilikuwa mkononi, lakini masikio yalikuwa kiti cha mbele. Ndani ya basi dogo la kwenda mji wa Khujand, bibi mmoja alimshika miguu mtoto aliyepakatwa na mama yake. "Mbona laini kama unga uliokandwa? Ana miaka mingapi?"

"Mitatu, bibi. Siyovush kazaliwa hivyo."

"Usiniambie bado unamfunga kwenye gahvora!"

Hapo nikaacha kuchati kabisa. Gahvora ni kitanda cha mtoto mchanga, anafungwa mikono na miguu ili alale.

"Namfunga asubuhi mpaka jioni. Nikienda kuchuma pamba nani atamshika, wewe? Nikimwacha huru anabingirika mpaka kwenye tanuri."

"Baba yake je?"

"Yuko Urusi. Mwaka wa pili yuko kimya. Leo nampeleka makao ya watoto, huko hawafungi."

"Makao? Mama gani wewe! Huko watamsahau. Bora umfunge mwenyewe!"

Dakika moja tu, kwa bibi kamba za gahvora zishakuwa nzuri.

"Basi mchukue wewe, bibi, mpaka pamba iishe."

Bibi akageukia dirishani. Dereva akakanyaga breki: "Makao ya watoto! Nani anashuka?"

Mlango ukafunguliwa. Mama akamkumbatia Siyovush kwa nguvu, wala hakuinuka.