Kilemba cha Mzee Zedekiah na Sheria za Dunia

Kijiwe chetu ni benchi la Nabiswa fundi viatu, hapa Buruburu, na kahawa ni ya Khalif na birika lake. Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa na raha. Mzee Zedekiah, muumini wa kanisa la Roho, alikuwa ameenda kupigwa picha ya paspoti. Binti yake Jacklyne anaolewa Norway mwezi ujao. Lakini mzee hajavua kilemba chake mbele za watu tangu abatizwe, na aliapa kwamba wakimlazimisha kukivua, harusi ifanyike bila yeye. Nasi tulikuwa tunamtetea kwa nguvu zote, tukiwa tumekaa.

NABISWA: Wakimvua, hii kesi inaenda Geneva direct! Haki ya kuabudu iko kwa sheria ya dunia nzima. Hata Kenya ilisaini.

SIMIYU: Geneva ni mbali, buda. Tunaanzia Gigiri kwa UN. Nimekuwa soja wa geti huko miaka sita, najua nani anakula lunch saa ngapi.

Ndiyo maana tunamwita Balozi.

KHALIF: Na Papa je? Apige simu moja tu.

NABISWA: Papa anahusika aje na watu wa Roho?

KHALIF: Mimi ni Mwislamu na nahusika. Leo ni kilemba yake, kesho ni kofia yangu.

SIMIYU: Hapo umesema. Basi mzae apigiwe picha ndani ya ubalozi wa Norway. Ukiingia hapo uko kwao, sheria yetu inabaki kwa geti.

NABISWA: Ama Masingasinga wote wa dunia, na vilemba vyao, wagome kupanda ndege siku moja! Wazungu watatupigia magoti.

Nilikuwa naongeza jeshi la kulinda amani kwenye mpango huo pale Zedekiah alipotokea. Kilemba kilikuwa kichwani.

MIMI: Mzee! Imekuwaje?

ZEDEKIAH: Yule msichana wa kamera ameniambia, "Baba, sukuma kitambaa nyuma kidogo, uso uonekane." Nikasukuma. Akapiga. Akaita mwingine.

SIMIYU: Basi?

ZEDEKIAH: Basi. Naenda harusi ya mtoto wangu.

Tulipiga kelele mpaka watu wakachungulia madirishani. Khalif alimjazia kikombe kikamwagika, na mimi, kusema kweli, machozi yalinitoka.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni, Wakiuru, akingoja kisigino cha kiatu chake kigongwe misumari.

WAKIURU: Samahani, kwani nani alikuwa amemwambia atavuliwa?

Nabiswa akainamia kiatu. Balozi akaanza kuitafuta simu iliyokuwa mkononi mwake.

ZEDEKIAH: Wiki tatu sijalala, mama, tangu niambiwe hapa hapa.

Alitutazama mmoja mmoja, macho yakaishia kwangu. Nikamwomba Khalif kahawa nyingine. Khalif alijifanya hajasikia.