Mama Nati na Sahihi Arobaini Alizokataa Kuweka

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi na nusu jioni, Mama Nati atarudisha spana zake stoo na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufunga vifaa vya uvuvi kwenye boti ndogo. Daftari la stoo halibahatishi: amefunga winchi 2,280 kwenye boti 1,140, kwa bolti 9,120. Zilizorudi zimevunjika ni tatu. Mbili ziligongwa kwenye gati, na ya tatu ilikanyagwa na lori la mteja mwenyewe akirudi kinyumenyume.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: mvuvi anayetaka samaki wa kina kirefu huteremsha waya wenye donge la risasi la kilo nne na nusu, na mshipi wake hubanwa kwenye waya huo kwa klipu. Samaki akidaka, klipu inaachia. Waya unatoka kwenye winchi iliyofungwa ukingoni mwa boti. Risasi ikinasa kwenye mwamba huku injini inasukuma, winchi iliyofungwa kivivu inang'oka na kuondoka na kipande cha boti. Ndiyo maana chini ya kila winchi Mama Nati aliweka ubao wa mgongo, bolti nne zikapita hadi upande wa pili, na kila moja ikapata washa na nati.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, alimkalisha mwenye boti ndani ya boti hapo hapo karakanani, akamuuliza anavuta kwa mkono gani na nani hukaa wapi. Mteja mmoja alikuja na shemeji yake wa kilo mia na kumi na nane. Winchi ya kulia ilisogezwa sentimita arobaini kwa heshima ya shemeji, na shemeji akanuna hadi alipoona boti haijalala upande.

Hakuwa malaika. Mwaka wake wa tatu alifunga winchi zenye mikono isiyokunjika, mikono ikafika upana wa mita tatu na sentimita kumi. Mlango wa karakana una mita mbili na nusu. Boti ililazwa ndani siku nne, na mwenyewe alikuja kila asubuhi kuitazama kama mgonjwa wodini. Tangu hapo Mama Nati hupima mlango kila tarehe mosi. Haujaongezeka wala kupungua, lakini yeye husema mlango hauaminiki.

Miaka miwili iliyopita tulimpokea Bwana Meneja, mtaalamu aliyebobea katika magodoro. Alituletea Mpango wa Dakika Ishirini. Kabla yake, winchi moja ilichukua dakika tisini. Chini ya Mpango, ubao wa mgongo ulifutwa kwa kuwa hauonekani, na bolti zikawa skrubu kwa kuwa skrubu huingia upande mmoja tu. Tulipiga makofi. Tulikuwa tumeambiwa tupige.

Mwezi uliopita ushirika wa wavuvi uliagiza boti arobaini. Mama Nati, aliyekuwa bado anafunga kwa ubao na bolti, alikuwa likizo yake ya mwisho, kwa hiyo zote zilifungwa kwa Mpango. Aliporudi alikuta fomu arobaini za ukaguzi zikisubiri sahihi yake, kwani boti haitoki bila sahihi hiyo. Alitazama chini ya ukingo wa boti ya kwanza, akafunga kalamu.

Hapa lazima ieleweke alikuwa anapoteza nini. Chuo cha ufundi kilikuwa kimeahidi kumpa darasa la kufundisha baada ya kustaafu, mradi alete barua ya utumishi mwema kutoka kwa mwajiri. Barua hiyo inasainiwa na mtu mmoja tu. Aliitwa ofisini, akapewa kiti, jambo ambalo halijawahi kumpata fundi yeyote kwenye ofisi ile. Meneja alizungumza kwa upole.

"Mama, wewe weka zako arobaini, na mimi naweka yangu moja. Tumemalizana."

"Mwanangu, yako inabaki mezani. Zangu zinakwenda majini na watu."

Kisha akamwomba meneja ashuke karakanani. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa amefika kutazama mali yake, akasogea pia. Mama Nati alifunga kamba kwenye winchi ya boti namba moja, akavuta kwa mikono miwili, mwanamke wa miaka sitini. Winchi ilimfuata na kipande cha ukingo chenye ukubwa wa sahani. Meneja alieleza kwamba wateja wa kawaida hawavuti hivyo. Mwenyekiti alisema miamba ya kwao nayo haijasoma maelezo hayo, akakitia kipande kwenye mkoba wake, akaondoka nacho.

Boti zote zilirudiwa: mbao themanini, bolti 320, siku nane, Mama Nati mbele na sisi nyuma. Meneja aliyaandikia makao makuu kwamba ucheleweshaji ulitokana na uamuzi wake wa kuinua ubora, na akatunukiwa ngao. Inaning'inia ukutani kwake kwa skrubu moja.

Barua haijatoka hadi leo. Mara ya kwanza tuliambiwa ipo njiani, mara ya pili mashine ya kuchapa haina wino. Ni mashine hiyo hiyo iliyochapa programu hii ya sherehe ya kumuaga, nakala mia mbili, za rangi. Ukurasa huu Bwana Meneja ameupitisha kwa kutazama picha.

Kwa hiyo tunamwomba Mkuu wa Chuo, tuliyemwalika na ambaye ameketi safu ya pili, aupokee ukurasa huu badala ya barua. Sisi tuliofanya kazi na Mama Nati tunathibitisha kwamba anaijua kazi, anaifundisha bila kumdharau mtu, na hasaini asichokikagua. Sahihi zetu ziko chini, ishirini na tatu, yaani karakana nzima kasoro ofisi moja.

Mama Nati, asante kwa miaka yote. Pumzika unapotaka, fundisha unapopenda, na Mungu akupe afya ya kutusumbua kwa muda mrefu. Darasa linaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi. Wahi ukapime mlango.