Mwalimu Audax Kamugisha na Vidonge vya Mdogo Wake

Marehemu Mwalimu Audax Kamugisha alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kamachumu, Muleba, akimfuata dada yake Marietha, anayeusoma wasifu huu. Alisoma kijijini, akahitimu ualimu wa sayansi mwaka 1995, kisha akafundisha biolojia Mbagala hadi alipougua.

Aliwafundisha wanafunzi kwamba madini ya seleniamu tunayoyapata kwenye samaki na mayai hupokewa na ini. Ini huyatia ndani ya protini linayoitengeneza lenyewe, na damu huipeleka kwenye viungo vinavyoyahitaji. Yakiwa haba, ubongo na korodani hupewa kwanza. Darasa likaangua kicheko. Akasubiri wamalize, akasema, "Chekeni tu, ila hao ndio wa kwanza kwenye foleni."

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Vaileth, binti wa Njombe. Baadhi ya ndugu hawakumpenda tangu siku hiyo. Juzi wamekaa kikao Buguruni, kwa mdogo wa marehemu, Ansbert, wakaamua jina la Vaileth lisisomwe leo wala asiweke udongo kaburini, eti alimuua mumewe kwa kumnyima dawa. Ni uongo, na Marietha anasema hivyo mbele ya jeneza.

Mwaka 2023 Audax aligundulika ini limesinyaa. Ansbert, muuza virutubisho, akamletea vidonge vikali vya seleniamu na kumwambia aongeze kila akijisikia mchovu. Nywele zikanyonyoka, pumzi ikanuka kitunguu saumu. Daktari akasema vimemzidi, akavipiga marufuku. Audax mwenyewe ndiye aliyemwomba mkewe avitupe chooni. Ansbert alipoleta kopo jingine, Audax alimjibu, Marietha akisikia: "Mdogo wangu, mie mzigo ninao. Wa kuubeba anatengenezwa na ini, na ini langu ndio hilo limechoka. Mwache Vaileth." Ansbert akaondoka amenuna, akapita nyumba kwa nyumba kumchafua shemeji yake.

Audax alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025, mkewe akiwa amemshika mkono. Ansbert alifika jioni, akaulizia hati ya nyumba kabla ya kuulizia maiti.

Ameacha mjane, Vaileth Kamugisha; watoto wawili, Jesca na Augustine; dada mmoja na mdogo mmoja. Audax, lala salama kwa Mungu wako. Ansbert, mpishe mke wa kaka yako aweke udongo.