Karatasi ya Jumatatu

Wasikilizaji wapendwa, kama mko jikoni, punguzeni moto kidogo. Kama mko karakana, wekeni nyundo chini. Asubuhi hii ya Jumapili tunamkumbuka Ni Luh Sukerti, wa kijiji cha wafua patu za shaba, zile zinazogongwa hekaluni, hapa kwetu Klungkung. Bu Luh, yaani Mama Luh, ndivyo sote tulivyomwita. Bu Luh aliyepatanisha kompyuta na printa. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na mmoja, na juzi Ijumaa moto wa mazishi ulimchukua.

Hakuisomea kazi hii. Alizaliwa katika nyumba ya wasuka mikeka, akaolewa na Pande Suteja, fundi wa patu. Mnamjua Suteja. Hakuna hekalu hapa karibu lisilo na shaba aliyoisawazisha yeye. Alikuwa akigonga mara moja, anasikiliza, anakwangua unywele wa shaba, anagonga tena. Kompyuta ililetwa nyumbani na binti yao, Wirani, alipomaliza chuo. Printa ikafuata. Sukerti akafungua duka barazani, akawa anachapisha barua, mialiko ya harusi na ratiba za ibada.

Halafu, miaka kumi na mmoja iliyopita, Suteja akapigwa na kiharusi. Sauti ikaenda. Mkono wa kulia ukaenda. Wa kushoto ulitetemeka hata kalamu haikushikika. Kwa miezi minne nyumba ile ilikaa kimya, na shaba zikaning'inia ukutani bila wa kuzigonga.

Asubuhi moja Sukerti alikuwa anafagia ua. Akasikia printa inaguna barazani, na wateja hakuna. Akaenda kutazama. Suteja alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, kidole kimoja cha kushoto kiko hewani. Karatasi imetoka, ina maneno mawili tu.

"Chumvi imezidi."

Wirani anasema mama yake aliisoma akiwa amesimama, akacheka, akacheka mpaka akalia. Miezi minne mume hajasema neno, na neno la kwanza ni kulalamikia mchuzi. Karatasi ile akaitia katika kikapu cha mwanzi chenye kifuniko. Kikapu hicho kipo mpaka leo, na kimejaa.

Wapo waliomshauri Suteja atumie simu. Alikataa. Herufi za simu ni ndogo, na mkewe alitaka kitu cha kushika. Basi printa ikawa ndiyo kinywa chake. Na kwa sababu hiyo, wasikilizaji wapendwa, Sukerti alijifunza kila ugonjwa wa kifaa kile. Alimwambia binti yake waziwazi, "Hiyo ikinyamaza, baba yako kanyamaza. Sitaki kusubiri fundi wa mjini."

Njia yake ilikuwa moja, haikubadilika. Kwanza waya, ncha zote mbili. Pili jina, yaani kompyuta inamtafuta printa yupi. Tatu foleni ya karatasi zinazosubiri. Mwisho zima, vuta pumzi ishirini, washa. Lakini kwanza waya. Daima alianza na waya.

Kabla ya kugusa chochote alifumba macho. Watu walidhani anaomba. Siku moja alimweleza Wirani sababu. Alisema katikati ya kompyuta na printa kuna mahali. Alipaona usingizini, mchana mmoja wa mvua. Ni ua mpana wenye ukungu, na karatasi nyeupe zimeketi juu ya mikeka kwa utaratibu, hazisukumani, kila moja inangoja kuitwa. Hakuna upepo. Aliamka akiwa na amani ambayo hakuwahi kuipata kabla. Tangu hapo akawa anawaambia wateja wasihangaike, neno lililotumwa halipotei, limekaa tu mahali.

Karani wetu wa ofisi ya kijiji, Bwana Rumiasa, au Pak Rumiasa tunavyomwita, ana kisa chake. Ilikuwa kesho yake ni sherehe ya hekalu, na ratiba haitoki. Rumiasa alibonyeza, akabonyeza, akabadilisha tundu la waya, akabonyeza tena. Bu Luh alikuja na kanga zake za nyumbani, akamkuta anatoka jasho. Akaangalia waya, ncha zote mbili. Waya ni mzima. Akaangalia jina. Pale kwenye kioo printa zilikuwa mbili, majina yanafanana, moja imefifia, ile ya tundu la zamani.

"Pak, barua zote umemtumia aliyehama," akamwambia. "Aliye nyumbani hujamsemesha hata kidogo."

Akazihamisha. Printa ikaamka, ikaanza kutoa ratiba, haikomi. Zilitoka arobaini na tatu. Bu Luh akavuta kiti akaketi, akazihesabu moja moja kwa sauti, na ofisi nzima inasikia. "Kompyuta ilikusikia mara ya kwanza, Pak," alisema. "Ni kama mke tu. Kunyamaza si kwamba hajasikia." Mpaka leo Rumiasa akiitwa Pak Arobaini na Tatu, anaitika.

Sasa, siku ya Tumpek Landep mnaijua wenyewe. Jumamosi ile inayorudi kila baada ya siku mia mbili na kumi, vyuma vyote vinapumzika na kuheshimiwa. Visu, nyundo, pikipiki, na siku hizi kompyuta. Kwa ukoo wa wafua vyuma, hakuna siku kubwa kuliko hiyo. Watu huchomoa waya, hupanga kisahani cha majani chenye maua na wali, huwasha ubani, hunyunyiza maji matakatifu. Vizuri kabisa. Halafu Jumatatu simu ya Bu Luh haipumui. Huyu kompyuta haioni printa, yule karatasi hazitoki. Naye alikuwa anazunguka nyumba hadi nyumba na kijiti cha mwanzi, anachokonoa punje za wali kwenye tundu la waya. Sahani ikiwekwa juu ya printa, wali hudondokea nyuma, tundu liko wazi, basi. Waya ukirudishwa hauingii mpaka mwisho.

"Sadaka mbele, si juu," aliwagombeza. "Mashine haili kwa mgongo."

Miaka yote alisema hivyo. Sadaka mbele, si juu.

Tumpek Landep ya wiki iliyopita, Bu Luh alikuwa amechoka. Kifua kilimbana, hakumwambia mtu. Wirani alikuwa Denpasar kazini. Suteja peke yake ndiye aliyekuwa barazani, amekaa kwenye kiti chake, moshi wa ubani unapita kati yao. Alimwona mkewe anachomoa waya, anaegemea meza, anapumzika, anaegemea tena. Kisha akamwona anaweka sahani. Juu ya printa. Alitaka kumtania. Hakuwa na sauti ya kumtania nayo.

Jumatatu asubuhi mkewe alirudisha waya, Suteja akaandika kitu, akabonyeza. Printa haikuguna. Akamgeukia mkewe, akaionyesha kwa kidole. Sukerti alikuwa amejilaza mkekani, simu ya wateja inaita kando yake, macho nusu yamefumba. Akatabasamu, akamwita Bli, yaani kaka, kama siku zote.

"Kesho, Bli. Kesho nitaitazama."

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, alilala. Hakuamka.

Ijumaa banjar nzima, yaani mtaa wetu wote, ilijaa uani. Wanawake wanasuka majani, wanaume wanafunga mianzi. Kuhani alikwishapanga saa, mwili utoke jua likiwa utosini. Suteja aliingia barazani. Wirani alimfuata, akamkuta anaandika kwa kidole kile kimoja, taratibu, machozi yanadondokea herufi. Alikuwa anaandika maneno ya kumuaga mkewe. Alitaka aende nayo mikononi.

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Mara saba. Kioo kikasema printa haipo.

Wirani akampigia magoti babake. Akamwomba amwachie ayanakili kwa mkono, au akimbie akayachapishe duka la barabarani. Suteja akatikisa kichwa. Miaka kumi na mmoja hajamwambia mkewe neno ambalo halikupita katika printa ile. Nje ngoma zilikwisha kuanza. Wirani anasema hapo alidhani baba yake atavunjika.

Suteja akafumba macho. Wirani hajui alikuwa anaona nini, ila uso wake ulitulia, kama mtu anayesikiliza shaba inayomalizia mlio wake. Kisha akafumbua, akashika waya. Ncha ya kwanza, kwenye kompyuta. Nzima. Akaufuata kwa vidole mpaka nyuma ya printa. Ncha ya pili. Hapo kidole chake kikasimama. Waya ulikuwa haujaingia mpaka mwisho.

Akauchomoa. Akamwonyesha Wirani kijiti cha mwanzi, pale pale mama alipokiweka. Wirani akachokonoa. Ikatoka punje moja ya wali, imekauka, ngumu, nyeupe. Aliiweka Sukerti kwa mkono wake mwenyewe.

Suteja akaicheka punje ile. Alicheka bila sauti, mabega yanatikisika, na binti akacheka naye huku wote wawili wanalia. Wakarudisha waya.

Printa ikaguna. Lakini karatasi ya kwanza kutoka haikuwa ya kuaga. Ilikuwa ile ya Jumatatu. Ilikuwa imekaa mkekani, katika ule ua wa ukungu, tangu siku ile, inangoja kuitwa. Nyuma yake zikatoka saba za kuaga, moja baada ya nyingine. Suteja hakuzitazama. Alimpa Wirani, zikatiwa kikapuni. Ya Jumatatu aliikunja, akaipeleka mwenyewe, akaiweka mikononi mwa mkewe chini ya kitambaa cheupe. Mwili ukatoka kwa wakati. Punje ya wali iko katika sahani mpya, mbele ya printa.

Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinatoa pole kwa Pande Suteja, kwa Wirani, na kwa banjar nzima iliyompoteza Bu Luh. Nasi tumempoteza. Leo tunawaomba jambo moja. Kama kuna mtu ulimwambia kesho, usiingoje. Na kama kuna neno ulilituma na unaona kimya, usibonyeze na kubonyeza. Inuka, uende nyuma, ukaangalie kilichoingia kati yenu. Huenda ni kidogo sana.

Jana Suteja alituletea karatasi hapa kituoni, akitembelea fimbo. Imeandikwa, "Ile ya Jumatatu muisome. Majirani wasikie nilimwita." Tunaisoma, Bu Luh, kama alivyoiandika.

"Luh, chai yako inapoa. Waache na printa zao. Njoo ukae na mimi."