Bendera ya Masaa Matano

Benchi letu liko nyuma ya soko la Machakos, mbele ya duka la vyombo ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Athi River. Upande mmoja kuna cherehani ya Ndunda, upande wa pili jiko la Wanza wa kahawa, na katikati tunakaa sisi, watu wenye kazi ambazo hazitutafuti asubuhi. Yupo Mita, anayesoma mita za maji. Yupo Kamati, ambaye hakuna kamati ya harusi wala ya mazishi aliyowahi kuikosa. Yupo Sajini, aliyelinda geti la kiwanda miaka thelathini na kujipa cheo mwenyewe. Na mimi, ambaye nasikiliza, kwa sababu lazima mmoja asikilize.

Jumatano hiyo, mwishoni mwa Oktoba mwaka wa 2004, tulikuwa na shida ya kweli. Jumamosi mji ulikuwa umefanya marathoni yake ya kwanza: kutoka uwanjani hadi Kyumbi, kugeuka, kurudi, kisha kuzunguka mji mpaka kilomita zitimie. Daktari mmoja alileta wazo kwamba wakimbiaji wa polepole wamfuate mtu mwenye bendera, ambaye kazi yake ni kutokwenda haraka wala kuchelewa. Bendera ya masaa matano alipewa Ndunda, fundi wa nguo, mtu ambaye hajawahi kupewa hata ufunguo wa kanisa. Miezi minne aliwaongoza watu ishirini na watatu kila alfajiri, hakosei hata dakika. Aliwaapia kwamba hakuna mtu wake atakayeachwa nyuma. Halafu Jumamosi, pale Kyumbi, mvua ya kwanza tangu Mei ikawapiga, na Ndunda akatoka mbio. Alifika dakika ishirini kabla ya wakati, akiwa na watu tisa tu, nusu maiti. Waliobaki walitapakaa njiani kwenye tope na upepo. Tangu siku hiyo hakwenda kwao Masii, maana nusu ya kundi ni watu wa huko. Na sasa Mwalimu Syokau, mkubwa wao kwa umri na wa mwisho kufika, alikuwa ametuma ujumbe kwamba saa nne atakuja kumwona. Ilikuwa saa tatu na robo. Tulikuwa tunamtafutia rafiki yetu la kujibu.

— Hii maneno ni rahisi, Mita akaanza. Saa yako iliingia maji. Mimi nimesoma mita miaka kumi na mbili. Maji ikiingia kwa mashine ya kuhesabu, mashine inalala. Ukaona umechelewa, ukaongeza.

— Saa haikulala, Ndunda akasema bila kuinua kichwa. Alikuwa anashona mfuko wa suruali ambao nilimwona akiushona jana.

— Unaona? Inalala na mwenyewe hajui! Ndiyo wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

— Saa iko kwa mkono, si kwa nguo, Wanza akasema.

— Alikuwa na jaketi, mama. Jaketi haina mkono?

Kamati akainua kidole, kama anavyofanya hata akitaka kuongezewa sukari.

— Hoja ya saa imekataliwa. Tuongee juu ya barabara. Lami ni kitu ya moto. Jua ikipiga, inanyooka. Hiyo barabara walipima lini?

— Septemba, nikasema.

— Septemba! Jua kali! Lami imenyooka kabisa! Sasa Jumamosi mvua inanyesha, lami inasikia baridi. Inafanya nini?

Tukamwangalia.

— Inajikunja! Kutoka Kyumbi mpaka hapa unapoteza kilomita mbili, ama tatu. Ndunda hakukimbia. Barabara ndio ilikuwa fupi. Samaki mkunje angali mbichi!

— Na wale walifika baada ya masaa sita? Wanza akauliza.

— Hao walikuja mvua imepungua. Lami ilikuwa imenyooka tena.

Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilikaribia kuamini. Kamati ana sauti ya kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na ukishaisikia unatafuta mtu wa kuunga mkono.

— Nyinyi mnaongea kama watu hawajawahi kushika bendera, Sajini akasema.

— Wewe ulishika lini? Mita akauliza.

— Si kitu ya kuuliza. Bendera kavu ni kitambaa. Bendera ikinyeshewa ni kilo tano. Upepo ikitoka nyuma, hiyo bendera inakuvuta. Utaachilia? Huwezi, bendera haiachiliwi. Unaenda nayo! Hiyo upepo kama ingetoka kando, huyu mtu saa hii angekuwa Tala. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu gani?

— Upepo.

Wanza akacheka mpaka akamwaga kahawa ya mtu. Kamati alikuwa ameshatoa karatasi.

— Tuandike zote. Moja, saa. Mbili, lami. Tatu, upepo. Mwalimu ni mtu wa shule, anataka kitu imeandikwa.

— Msiandike, Ndunda akasema.

— Sasa utamwambia nini? Kamati akauliza.

— Pole.

— Pole peke yake? Mama mzima ametembea kwa mvua kutoka Kyumbi, unampea pole haina sababu?

Hapo nikamuuliza mimi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza tangu Jumamosi.

— Ndunda, ndugu yangu, ilikuwa nini?

Alisimamisha cherehani.

— Mvua ilianza. Nikasikia harufu ya mchanga. Halafu miguu tu... Nilikuwa nawasikia huko nyuma. Mwalimu aliniita, mara mbili. Sikugeuka.

Akarudi kwenye mfuko wake. Nilimhurumia sana. Kuna watu wanaoacha wenzao kila siku na hulala usingizi, na huyu hakuwa mmoja wao.

— Harufu! Sajini akajipiga gotini. Kwa nini hukusema mapema? Hiyo ni dawa! Hao watu wa bendera ya masaa manne walimwaga kitu kwa barabara, mvua ikaiamsha...

Hakumaliza, kwa sababu Mwalimu Syokau alikuwa anapinda kona ya soko. Alikuja upandeupande, amevaa slipa, vidole viwili vimefungwa bendeji, na tope limemkaukia mpaka magotini. Saa nne ilikuwa bado, lakini walimu hawajui kuchelewa.

— Mwi aseo? akatusalimu kwa Kikamba.

— Twi aseo, tukaitikia pamoja kama darasa la pili. Kamati akaikalia karatasi.

Ndunda alisimama.

— Mwalimu, pole.

— Nilikuita mara mbili.

— Nilisikia.

— Najua ulisikia. Kucha mbili zimetoka. Nimefika masaa sita na nusu, hata watu wa kugawa maji njiani wamefunga wameenda. Nilikukasirikia njia yote.

— Mwalimu, Kamati akakohoa, kuna suala ya lami...

— Kamati, nyamaza. Nikiwa peke yangu huko, nikaona watu wako kwa shamba. Mvua inawapiga na wanapanda, mpaka nyanya mmoja amefunika kichwa na gunia. Nikasimama. Nikasema, kumbe! Huyu mtu mbegu yake bado iko kwa nyumba.

Ndunda aliinamisha kichwa. Sisi wengine tukaangaliana. Wote tumezaliwa huku, wote tumelelewa na jembe, na tunajua kwamba mvua ya kwanza ikikupita, msimu umekupita. Siku nne tumechambua saa, lami na upepo, na hakuna aliyefikiria mahindi.

— Ulikuwa unataka gari ya Masii ya saa sita, Mwalimu akasema.

— Eeh.

— Ukaipata?

— Nilifika mpaka stendi. Nikaona watu wangu wanakuja wanachechemea. Nikarudi kwa chumba.

— Mpaka leo?

— Mpaka leo.

Mwalimu alishusha pumzi, akakaa kwenye ukingo wa benchi kwa shida.

— Basi jana tulienda kwako. Watu kumi na saba, mwethya kamili ya kusaidiana shamba, kila mtu na jembe yake. Bibi yako Nzilani akatutolea mbegu. Hakuna mtu alikuwa anaweza kuinama vizuri, tulikuwa tunashika kiuno tukilia. Lakini tulipanda shamba ya juu yote, mahindi na maharagwe. Ya katikati pia.

Wanza aliweka birika chini. Ndunda alikuwa ameugeukia mlango wa duka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

— Usilie, sijamaliza. Na bado nimekukasirikia. Ile kipande ya chini, karibu na mto, tuliacha. Nzilani anasema hiyo ni wewe unaamuanga kila mwaka. Mchanga bado iko na maji, lakini kesho haitangoja. Kwa hivyo niambie. Tupande ndengu ama kunde?

Kamati aliangalia viatu vyake. Sajini, ambaye ana neno juu ya kila kitu kuanzia mwezi hadi magonjwa ya kuku, alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Ndunda alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Swali lilikuwa na majibu mawili tu na hakuweza kutoa hata moja.

— Haya, Mwalimu akasema. Twende utaonyesha ukiwa huko. Lakini leo ni mimi niko mbele.

Akainuka, akatangulia, hatua moja moja. Ndunda alifunika cherehani akafuata. Walichukua karibu robo saa kufika stendi, ambayo tunaiona kutoka benchini, na muda wote huo Ndunda hakumpita.