Vidole vya Kumpandisha Fundi Kufuli

Benchi liko ukutani mwa studio ya picha iliyofungwa, ng'ambo ya barabara kutoka kibanda cha Fundi Kufuli. Ni ubao juu ya matofali. Wa katikati akisimama ghafla, wa mwisho anakaa chini. Wenyewe ni watatu: Kamusi, mstaafu wa posta mwenye methali kwa kila jambo, Injinia, anayetengeneza simu na hajawahi kujenga hata banda la kuku, na muuza kahawa, ambaye wote humwita Shemeji ingawa hakuna aliyeoa kwao. Wiki mbili zilizopita Injinia alimwekea Fundi tangazo mtandaoni. Mtu akitafuta fundi wa kufuli kwenye simu, jina la Fundi litokee juu. Kila likibonyezwa, Fundi anakatwa pesa kidogo, na kiasi alicholipia siku hiyo kikiisha, tangazo linaondolewa hadi kesho yake. Jumatatu hii Fundi alivuka barabara saa mbili na robo asubuhi, simu mkononi.

— Limetoweka tena, alisema. Watu hawajamaliza kupiga mswaki, tangazo halipo. Juu yuko yule yule.

Yule yule ni tajiri wake wa zamani, mwenye magari mawili yaliyochorwa funguo. Fundi alimfanyia kazi miaka kumi na mmoja. Ijumaa tajiri alimpigia: nafasi yako ipo, ila utaanza na mshahara wa mwanagenzi. Fundi amejipa hadi Jumamosi. Tangazo lisipomletea mteja hata mmoja, anafunga kibanda na kurudi.

— Mwanagenzi, alisema. Kufungua sefu nimemfundisha mimi.

— Kaa kwanza, Shemeji akamwambia. Kahawa inapoa.

— Sikai. Injinia, soma hapa. Jana limebonyezwa mara ngapi?

— Ishirini na saba.

— Na simu nilizopigiwa?

— Hiyo hawaandiki.

— Hawaandiki kwa sababu hakuna. Watu ishirini na saba wananitafuta, wananipata, halafu wote wanafungua milango yao kwa meno?

— Hujuma hiyo, Kamusi alisema. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nguoni mwangu yuko nani?

— Tajiri.

— Tajiri ana nguo zake, mzee wangu.

Injinia aliigeuza simu ya Fundi, akaikagua nyuma na mbele.

— Tatizo ni dharau, alisema. Mashine inaona simu ya mwenye tangazo. Ikiwa na kioo kama hiki, inakuweka chini.

— Kioo hiki si umeweka wewe?

— Niliweka kioo. Heshima sikuahidi.

— Mimi nimekaa posta miaka thelathini, Kamusi alisema. Msinidanganye na mashine. Humo ndani kuna mtu. Ana meza, ana muhuri, na saa mbili anakwenda kunywa chai. Akiondoka anafunga dirisha, tangazo la Fundi linabaki ndani.

— Na la tajiri?

— La tajiri lina dirisha lake.

Shemeji alimimina kikombe cha pili bila kuulizwa.

— Mimi nasema inasikiliza, alisema. Juzi nimetaja sukari tu, nikaletewa tangazo la dawa ya kisukari. Sasa Fundi kutwa ananung'unika mbele ya simu. Nani atampandisha mtu mwenye kisirani?

— Kwa hiyo niibembeleze?

— Jaribu. Hata mume hubembelezwa.

— Bembelezeni nyinyi, Injinia alisema. Yule tajiri kachonga ufunguo. Kama anafungua sefu, mtandao utamshinda? Anaingia saa mbili kamili, anakutoa, anafunga.

— Mimi nimelipa kama yeye, Fundi alisema. Sikuomba niwe mfalme. Nimeomba mtu akinitafuta anione. Hilo nalo ni kubwa?

Kisha Kamusi akamshika mkono.

— Usidhani uko peke yako, mwanangu. Sisi tunakupigania.

— Mnanipigania vipi?

— Kwa kubonyeza. Kila asubuhi, kahawa ya kwanza, kila mtu mara tisa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Fundi alimtazama Injinia. Injinia alikuwa anakoroga kahawa isiyotiwa sukari.

— Mashine hupandisha linalobonyezwa sana, alisema. Hilo nimelisoma mwenyewe. Tulitaka upande.

— Mara tisa.

— Shemeji alianza na tano, tukamsihi aongeze.

— Nikajitahidi, Shemeji alisema.

Kabla Fundi hajafungua mdomo, mwanamke alifika anahema. Alivaa ndara za ndani, mkononi ana ndoo tupu ya taka.

— Samahanini. Nimetoka kumwaga taka, mlango ukajifunga. Mama yangu yumo ndani, hawezi kuinuka kitandani. Kwenye simu ya jirani nimempata fundi mmoja tu, anasema atakuja saa nane mchana. Nikaambiwa huku kuna kibanda.

— Ni mimi, Fundi alisema. Alikwishageuka kufuata mkoba wake.

— Mbona kwenye simu huonekani? mwanamke alimwuliza Fundi akiwa anavuka barabara.

Kamusi alimjibia.

— Tangazo lake huisha saa mbili, binti yangu. Sisi hulibonyeza mapema ili lipate nguvu.

Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja.

— Kwani kati yenu nani alikuwa amefungiwa nje?

Kamusi aliingiza mkono mfukoni. Injinia alitazama kidole chake cha shahada. Shemeji aliinua chupa ya kahawa, hapakuwa na kikombe kitupu cha kujaza.

Fundi alirudi na mkoba begani. Alipita mbele ya benchi bila kupunguza mwendo.

— Twende, dada. Mama asikae peke yake.

Walipofika kwenye kona alisimama, akageuka.

— Kesho asubuhi, alisema, nisalimieni kwa mdomo tu.