Moto Uliosimama kwa Kinyozi

Kijiwe chetu kiko kona ya kwanza ukishuka mlimani, ubavuni mwa duka la vipuri: magogo mawili yaliyochongwa upande mmoja, na jiko langu katikati. Kahawa nauza mimi. Magogo ni yangu, yametoka shambani kwangu hapo juu, na hata vijiti vinavyochemsha birika ni vyangu. Wateja wangu wa kudumu ni watatu, na wote midomo yao imezidi vikombe. Kibali ni karani mstaafu, hapigi chafya bila muhuri. Breki aliendesha lori miaka thelathini. Pindo ni fundi cherehani, na nguo yako ataimaliza siku umeshanenepa haikutoshi. Mwaka jana nilipunguza miti yangu, nikafyeka kichaka, nikakata matawi yote ya chini mpaka pale mkono unapofika nikiunyanyua. Hawa watatu wakanibandika jina: Kinyozi. Kibali akanishtaki ofisini kwa barua ya kurasa tatu kwamba namnyoa mlima. Basi Jumatano iliyopita moto ukavuka kilele, siku ya tatu tangu uanze kuwaka, ukateremka na upepo hadi mpakani kwangu. Hapo ukakosa pa kupandia. Ukalala chini kwenye majani mafupi, watu wakaupiga kwa matawi mabichi na mchanga, ukafa. Nyumba kumi na moja zilizo chini yangu zimesimama. Leo wataalamu wangu wanatafuta sababu.

— Mimi nasema ni bikoni, yale mawe ya mpaka, Kibali akaanza. Lile shamba limepimwa. Moto umefika kwenye bikoni ukasimama. Sheria ni msumeno.

— Mbona kwa jirani yake wa juu haukusimama? Breki akauliza. Naye ana hati.

— Ile ni nakala.

— Toka hapa! Moto ni kama lori, bwana. Umeteremka mlima na gia kubwa, breki zikashika moto...

— Breki za moto zikashika moto? akauliza Pindo.

— Usinikatize! Ukaharibikiwa pale pale. Haraka haraka haina baraka.

— Nyie hamjui kitu, Pindo akasema. Moto ulikuwa umeshiba. Siku mbili nzima unakula mashamba ya watu, tumbo limejaa. Ndiyo wahenga wakasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

— Sasa jembe limeingiaje hapo?

— Mimi kazi yangu kuitoa methali. Kuielewa ni kazi yako.

— Jembe nilikuwa nalo mimi, nikasema. Na panga. Miezi minne mnapita mnanicheka.

— Mama, usiingilie, Kibali akanijibu. Huu ni mjadala.

Nikamnyima sukari.

— Ngojeni niwaambie ukweli, Breki akasema, akasogea kama mwenye siri. Moto una macho. Ulipofika pale ukamwona Kinyozi amesimama, mkono kiunoni. Ukajiambia: hapa sipiti, nitatukanwa mpaka nizimike.

— Na kweli ukazimika! Pindo akajipiga paja.

Hiyo angalau ilikuwa na adabu. Nikamwongezea Breki kahawa.

— Lakini Kibali, Breki akaendelea, wewe mwenzetu, shamba lako la upande wa pili unalionaje?

Kibali akatazama barabarani. Msomaji, shamba la Kibali liko mkono wa kushoto wa langu, na chini yake, ukuta kwa kichaka, ndiyo nyumba aliyomjengea binti yake. Nilipoanza kukata, wote kijiweni wakamwambia kwa utani: mwenzako akinyolewa, tia maji. Yeye akanunua mpira wa maji wa mita hamsini, akamwagilia kichaka kila jioni, ili ofisi ije ione tofauti ya raia mwema na mimi. Kichaka kikashukuru, kikapanda mpaka kwenye mabati. Kiangazi kilipoingia maji ya bomba yakakatika. Sasa chote kimekauka kimesimama, upepo ukipita kinalia kama karatasi. Na kiangazi kimebakiza wiki sita.

— Langu liko salama, Kibali akasema. Lina bikoni nne.

Hapo akatokea binti mmoja kavaa sare ya uuguzi, mkoba begani.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, wakaitikia kwa pamoja, vifua mbele.

Akaomba kikombe, akanywa amesimama. Wakamweleza yote: bikoni, lori, shibe, macho ya moto. Akasikiliza kwa heshima, kama anavyowasikiliza wagonjwa wenye homa.

— Nimeelewa, akasema. Ila mimi mgeni, nina swali. Upande huu moto ulisimama kwa mama. Upande ule wenye kichaka, ukija, utasimamia wapi?

Breki akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba kuna ramani. Pindo akaona uzi kwenye suruali yake, akaanza kuuvuta. Kibali akapapasa mfuko akitafuta kalamu.

— Nauliza kwa sababu nimepanga chumba nyumba ile iliyo chini ya kichaka, muuguzi akasema. Dirisha langu halifunguki, tawi limeliegemea. Na mwenye nyumba ana mapacha, leo wiki tatu. Amelala nao chumba cha pili.

— Kuna bikoni, Pindo akanong'ona. Hakuna aliyecheka.

Kibali akaweka kikombe chini. Wajukuu wale alikuwa akituonyesha picha zao kila asubuhi, mpaka tumewakariri.

— Niongeze kidogo, akaniambia.

— Kahawa imekwisha, nikasema, nikanyanyua birika. Wote walisikia linavyocheza, limejaa nusu. Kesho, nikaongeza, nitachemshia huko juu, kwenye shamba la Kibali. Anayetaka kikombe aje na panga.

Nikabeba jiko langu nikaondoka. Nyuma yangu hakuna aliyetoa methali.

Asubuhi jua halijapasha mawe nilikuwa nimeshafika. Breki alikuja na msumeno na kamba ya lori. Pindo alikuja na mkasi wake wa nguo, nikamrudisha akachukue shoka. Lakini aliyetutangulia sote alikuwa Kibali. Alikuwa amesimama mbele ya kichaka chake na panga jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Barua hakuwa nayo, wala muhuri.

— Nianzie wapi, Mama Kinyozi?

Miaka yote ninayomjua, mtu huyu hajawahi kuniuliza kitu. Nikammiminia kikombe kilichojaa, nikatia sukari vijiko viwili.

— Kunywa kwanza, nikamwambia. Kisha anza na lile tawi la dirishani.